Nani Atanipakulia

Kama umewahi kwenda sherehe yoyote ya watu wanaojua kufurahi, basi umeshainua sahani. Usikatae. Zeze linaanza kukwangua mbiombio kama kuku anayetafuta punje, sauti nyembamba inauliza "nani atanipakulia", na watu wazima na akili zao wanashika sahani zao, nyingine tupu, nyingine zina mifupa, wanaziinua juu na kuitikia "nani!" Wapo waliomwagiwa mchuzi kichwani kwa ajili ya wimbo huo na hawakukasirika. Huo ni wimbo wa Spoki. Alitunga na nyingine, nyingi tu, na baadhi ni nzuri kuliko huo mara kumi, lakini watu ni watu. Ukishawapa cha kuwachekesha hawataki kingine.

Spoki mwenyewe siku hizi ni mzee. Jina hilo alipewa ujanani, kwanza kwa sababu alikuwa fundi baiskeli, pili kwa sababu ya wembamba wake, maana watu wa gereji hawakosi la kusema. Gereji yake bado ipo nyuma ya duka la rangi: kibanda cha mabati, meza moja ya mbao iliyokunywa grisi mpaka ikawa nyeusi, rimu zinaning'inia juu, na beseni la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu. Zeze lake la kwanza alilitengeneza humo humo. Kibuyu aliomba kwa jirani, mti ulikuwa mpini wa jembe lililovunjika, na nyuzi alizichambua moja moja kutoka kwenye waya wa breki. Wanamuziki wenye vyombo vya dukani walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Baadaye walikuja mmoja mmoja, kwa aibu aibu, kumwomba awachambulie na wao, kwa sababu nyuzi zile zilikuwa na mlio wake, mkavu, unaochoma kidogo.

Na alikuwa na namna yake ya kutunga. Hakukaa chini na kalamu, hata siku moja. Alikuwa akinyoosha gurudumu lililopinda: analizungusha, anaweka kidole gumba karibu na rimu, pale lilipopinda linamgusa, tik, linazunguka, tik, na yeye anaimba juu ya hiyo tik. Gurudumu likinyooka, mlio unakwisha, na wimbo nao umekwisha. Wateja walijua. Ukipeleka baiskeli ukamkuta anaimba, rudi kesho, usimsumbue, huenda gurudumu lako ndilo litakuwa wimbo. Kuna karani mmoja wa posta alijisifu miaka na miaka kwamba wimbo fulani wa Spoki ulitoka kwenye baiskeli yake, na alikuwa anasema kweli.

Hayo yalikuwa maisha, bwana. Kumbi zenye sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ili vumbi litulie. Safari za nyuma ya lori, wanamuziki wamekalia magunia, zeze limefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Redio zenye betri kubwa, majirani wanakusanyika dirishani, na mtu anayesema "nyamaza, anaanza" alikuwa na heshima zake. Spoki akikumbuka siku hizo huwa anatabasamu peke yake, halafu anatingisha kichwa, halafu anarudi kwenye kiraka chake. Binti yake, ambaye anaishi naye na anashona nguo chumba cha mbele, ameshamzoea. Akisikia kimya cha namna hiyo anajua baba yuko mbali.

Lakini wimbo wa sahani haukutoka kwenye gurudumu. Huo ulitoka kwa dada yake.

Mama yao alifariki Spoki akiwa mdogo, hata meno ya mbele hayajaota tena. Baba alikuwa mtu wa kazi za mbali, anaonekana na kupotea. Dada mkubwa, naye mtoto tu, akashika nyumba. Alifua, alifagia, alipika, na kila jioni alimpakulia mdogo wake kwanza. Alichota katikati ya sufuria, pale pasipoungua wala kuwa na majimaji, akaweka kwenye sahani ya bati, akaisukuma mbele yake na kusema, "Kula, usiniangalie." Yeye alikula baadaye, kilichobaki. Spoki alikuwa mvulana mwenye ndevu tatu kidevuni na bado hajui kujipakulia chakula mwenyewe. Ungesema nini? Alidekezwa na mtu ambaye mwenyewe hakuna aliyemdekeza.

Kisha dada akaolewa, mbali, mji mwingine kabisa. Ile siku gari lilipokuja kumchukua, mabegi yakiwa kibarazani, Spoki alisimama mlangoni na zeze lake akaimba wimbo aliokuwa ameutunga wiki hiyo bila kumwambia mtu:

Jiko limeshapoa, majivu yako kando,
Dada kafunga mzigo, gari liko njiani,
Mimi nimeshika sahani, nimesimama mlangoni,
Dada ukienda, nani atanipakulia?

Aliimba taratibu. Taratibu sana, kila neno likisubiri jingine. Dada alikaa juu ya begi lake akalia mpaka kitambaa alichojitanda kikalowa. Dereva, ambaye hakuwa na undugu nao wowote, alizima gari bila kuambiwa. Wimbo ulipokwisha dada alifuta uso, akasema, "Huu ni wangu, umesikia? Huu ni wangu mimi." Spoki akasema, "Wako, dada." Dada akaondoka.

Mwaka uliofuata, au ule wa baada yake, wakubwa wa kampuni ya santuri walikuja kutafuta wanamuziki. Spoki alipanda gari kwenda studio na shati la kuazima. Alirekodi nyimbo tatu. Wa tatu ulikuwa huo. Na santuri ilipotoka, kumbe wimbo umekimbia! Sauti imepanda, zeze linaruka ruka, na yale yale maneno ya kulia sasa yanasikika kama ya mtu mroho anayezunguka na sahani yake akitafuta sufuria lilipo. Watu walikufa kwa kicheko. Hoteli ziliupiga mchana kutwa. Spoki aliitwa huku, akaitwa kule, na kila mahali walitaka uimbwe hivyo hivyo kama kwenye santuri, tena upesi zaidi. Akawaimbia. Wimbo huo ulimjengea nyumba, ukawasomesha wanawe, ukampeleka mpaka nchi za watu.

Dada aliusikia mara ya kwanza ukweni, sebuleni, mbele ya mashemeji. Redio ilikuwa mezani. Shemeji mmoja alichukua sahani akajifanya analia na njaa, wote wakavunjika mbavu, na mama mkwe akamuuliza, "Si kaka yako huyu? Mlikuwa mnamnyima chakula?" Alipokuja kusalimia mwisho wa mwaka alimuuliza Spoki swali moja tu. "Wimbo wangu umeufanya nini?"

"Siyo mimi, dada," Spoki alisema. "Ni mashine zao. Zinakimbiza sauti. Mimi niliimba kama nilivyokuimbia wewe."

"Haya," dada alisema.

Na ikawa basi. Hakuuliza tena. Ila kila wimbo huo ulipopigwa mahali alipo, alinyanyuka taratibu akatoka nje kuanua nguo, hata kama kambani hamna nguo. Spoki aliona, akajifanya hamnazo. Na ile hadithi ya mashine akawa anaisimulia, kwanza kwa marafiki, halafu kwa watangazaji, halafu kwa wajukuu, mpaka ikawa sehemu ya wimbo. "Mnajua, ule wimbo mashine iliukimbiza." Watu walicheka na hapo pia.

Sasa basi. Juzi juzi dada alipiga simu. Mumewe alishafariki, watoto wametawanyika, na mwanawe wa kwanza, fundi umeme, amejenga mbali sana, safari ya kutwa na kucha, akamwambia mama uzee wako utauishi kwangu, sitaki maneno. Gari la kubeba vitu linakuja Jumapili.

"Njoo Jumapili," dada alisema kwenye simu. "Njoo na zeze."

"Nitakuja."

"Uniimbie wimbo wangu kabla sijaondoka. Ule wa kwetu, wa mlangoni. Siyo huo wa redioni."

"Hilo tu, dada?"

"Hilo tu."

Spoki alikata simu akiwa na furaha. Akaona kazi yenyewe ndogo. Miaka yote hiyo ameuimba, leo ashindwe kuuimba polepole? Akachukua zeze, akakaa kwenye kiti chake cha gereji, akaanza. Mstari wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili mkono ukaanza kuharakisha. Wa tatu zeze likawa linaruka, na fundi wa duka la rangi akatokeza kichwa, akainua kopo la rangi juu kama sahani, akaitikia, "Nani!"

"Hebu toka hapa," Spoki alimwambia.

Akaanza upya. Ikawa vile vile. Akazungusha gurudumu lililopinda, aimbe juu ya tik yake, lakini gurudumu lina mwendo wake na wimbo huo haukuwa wa gurudumu. Akaimba kwa kujivuta kwa makusudi, ikatoka sauti ya mtu anayesinzia, siyo ya mtu anayelia. Akajaribu bila zeze. Akajaribu amefumba macho. Wimbo wa kweli haukuwemo tena mkononi wala kooni, na alipoutafuta kichwani alikuta santuri inazunguka. Mtu ametunga wimbo kwa moyo wake mwenyewe, halafu hajui unaendaje! Spoki aliweka zeze mezani, akashika tama. Alikuwa na hofu, na si hofu ya jukwaani. Dada yake hakuwahi kumwomba kitu maisha yake yote. Ameomba kimoja.

Binti yake ndiye aliyempa wazo. "Baba, si unasema mashine ndiyo iliyoukimbiza? Basi nenda redioni, mwambie fundi aurudishe mwendo wake. Siku hizi vitu hivyo ni kubonyeza tu."

Spoki alitamani kumbusu kwa furaha. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye jengo la redio, amevaa koti lake la maonyesho, na mlinzi alimpitisha huku akiimba. Fundi mitambo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Chumba chake kilijaa makabati ya chuma, na kwenye makabati kanda, na kwenye kanda vumbi. Kampuni ya santuri ilipokufa kanda zake ziliishia hapo.

"Mzee wangu, una bahati," alisema. "Ya kwako ipo. Siyo santuri, kanda yenyewe ya kwanza, ile waliyorekodia."

Akaiweka kwenye mashine kubwa, magurudumu mawili yakaanza kuzunguka. Wimbo ukatoka mbiombio, kama kawaida yake.

"Punguza," Spoki alisema. "Punguza mpaka nikwambie."

Fundi alizungusha kitufe. Sauti ikashuka, ikashuka tena. Lakini haikuwa sauti ya Spoki kijana. Ilikuwa sauti ya dume la ng'ombe lenye mafua, na zeze lilikuwa linakoroma. Spoki alikunja uso.

"Labda umezidisha."

"Ngoja," fundi alisema. Akairudisha kanda nyuma kabisa, kabla ya wimbo, akaiacha iende mwendo wake wa kawaida. Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti ya mwanaume ikasema, kwa utulivu, kama anayesoma tangazo: "Wimbo wa tatu. Mara ya pili."

"Umemsikia? Huyo ni bwana aliyekuwa anarekodi," fundi alisema. "Sauti yake ya kawaida kabisa. Sasa nikipunguza..." Akapunguza, na yule bwana naye akawa dume la ng'ombe. "Kanda haikukimbia, mzee. Ingekuwa imekimbia, na yeye angekimbia nayo." Alisema hivyo kwa upole, akimwangalia usoni, kisha akajishughulisha na kufuta miwani.

Spoki alikuwa bado yuko kwenye yale maneno matatu, mara ya pili.

Kwa sababu kulikuwa na mara ya kwanza. Yalimrudia yote, akiwa amekaa pale kwenye kiti cha ofisi chenye vigurudumu katikati ya makabati. Taa nyekundu. Kioo, na nyuma ya kioo wanaume watatu wenye tai. Aliimba wimbo wa dada yake kama alivyouimba mlangoni, amefumba macho, na alipofumbua, mmoja alikuwa anapiga miayo, mwingine anaangalia saa. Bwana wa kurekodi akasema kwenye spika, "Mzuri, kijana, lakini mrefu. Na huu wa kulia kulia hakuna atakayeununua. Huwezi kuuchangamsha?" Spoki akacheka kwa aibu. Na kwa mzaha tu, ili kuwaonyesha kwamba na yeye ni mtu wa mjini, akaukwangua mbiombio na kubana sauti puani. Wale watatu nyuma ya kioo wakaangua kicheko. Mmoja alishika tumbo. Na Spoki, tuseme ukweli, alipenda. Alipenda sana kuwachekesha watu wenye tai. Akauimba hivyo mara ya pili, taa nyekundu ikiwaka.

"Mara ya kwanza iko wapi?" aliuliza.

"Hawakuwa wanaweka," fundi alisema. "Kanda zilikuwa adimu. Wakipata wanayoitaka wanarekodi juu yake."

Alitoka redioni bila koti, fundi akamkimbilia nalo mpaka getini. Hakuwa mwongo kwa kupanga, Spoki. Alisema uongo mmoja mdogo siku moja kwa sababu ya macho ya dada yake, akauimba sana kuliko wimbo wenyewe, mpaka akauamini. Lakini hilo halikumpunguzia kitu. Siku mbili hakugusa zeze. Binti yake alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ni uchovu.

Jumapili alienda, angefanyaje? Alipiga moyo konde akapanda basi, zeze mapajani.

Nyumba ya dada ilikuwa imeshakuwa mifupa. Ukutani palipokuwa na kabati pamebaki umbo la pembe nne lenye rangi mpya kuliko ukuta mwingine. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Nje, yule mwanawe fundi umeme, jitu la kifua na kitambi, alikuwa juu ya gari la mizigo anapanga viti kichwa chini miguu juu, akimfokea kijana wa gari kwamba kamba haifungwi hivyo.

"Shikamoo, mjomba. Ingia ndani, mama anagombana na mashuka."

Dada alikuwa chumbani, amekuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini mikono ile ile. Hakumwachia nafasi ya salamu ndefu. Alimtupia ncha mbili za shuka. "Shika hapa. Vuta. Siyo hivyo, vuta." Wakaanza kukunja, yeye huku, mdogo wake kule, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana.

"Zeze umeleta?"

"Nimeleta."

"Basi tumalize haya kwanza."

Spoki aliona akisubiri atashindwa. Walipokutana katikati na shuka la tatu, alisema, "Dada. Haikuwa mashine."

Dada alichukua ncha zake, akakunja, akaweka shuka juu ya mengine.

"Niliuimba mwenyewe. Walikuwa wanapiga miayo nikataka wacheke. Nilikudanganya. Na sasa nimejaribu kuurudisha ulivyokuwa, siujui tena. Nimeupoteza wimbo wako, dada. Nimekuja mikono mitupu."

Machozi yalimlengalenga, mzee mzima. Dada alichukua shuka jingine, akampa ncha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba siyo mashine. Ulikuwa unajikuna shingo. Wewe ukidanganya unajikuna shingo tangu ulipokuwa unaiba sukari."

Spoki alishusha mkono uliokuwa umeshafika shingoni. "Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Niliudhika, usidhani sikuudhika. Walinicheka ukweni mpaka nikachukia sahani zenyewe. Lakini nilikuwa nikiusikia redioni natoka nje nasema moyoni, haya, leo amekula. Nilikuacha huna mbele wala nyuma, hujui hata kuwasha jiko. Nani aliniambia unaishije? Barua huandiki. Redio ndiyo iliyoniambia." Akavuta shuka. "Kwa hiyo niliudhika na nilifurahi. Yote mawili. Vuta, bwana, unalegeza."

Spoki alivuta.

"Nilitaka niusikie kwako mara moja tu," dada aliendelea. "Ninakokwenda hakuna hata mmoja aliyenijua nikiwa msichana. Nimechoka kuusikia kwangu mwenyewe."

"Kwako mwenyewe vipi?"

Dada alikaa kwenye kitanda kisicho na godoro, juu ya vyuma, shuka likiwa mapajani, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki uzi tu, lakini mwendo ulikuwa ule ule. Ule wa mlangoni. Kila neno lilisubiri jingine. Spoki aliusikia nywele zikamsimama. Maneno tu ndiyo hayakuwa yake:

Lala mwanangu lala, mama ana la moyoni,
Nimeacha mdogo wangu na sahani mkononi,
Huko kwetu jioni moshi hautoki jikoni,
Mwanangu nikuulize, nani atampakulia?

Nje, kufoka kulikoma. Yule fundi umeme alikuja akasimama mlangoni, kamba begani, akajaza mlango wote.

"Mama," alisema. "Huo si ule wa kutulaza?"

"Ndio huo."

"Sijausikia tangu..." Hakumaliza. Alimwangalia mjomba wake na zeze lake, akamwangalia mama yake, na ungeweza kuona anavyojumlisha taratibu. Ameinua sahani kwenye sherehe ngapi, mtoto wa watu, na hakuwahi kuziweka nyimbo mbili hizo pamoja. "Sisi tulikuwa tunamlilia huyo mdogo wako, unakumbuka? Tulidhani ni mtoto wa kwenye hadithi. Kitinda mimba alikuwa anaficha tonge chini ya mto. Ulimpiga kwa sababu ya sisimizi, akasema anamwekea yule asiyepakuliwa."

"Nilimpiga," dada alisema. "Halafu nikatoka nje nikalia."

"Kumbe ni mjomba?"

"Ndiye huyo."

Jitu lile liliweka kamba chini. Lilitazama yale mashavu yaliyobonyea, ile miguu myembamba ndani ya suruali pana, wakati huo wote likipepesa macho. "Pole, mjomba," lilisema, na lilisema kwa dhati, kana kwamba jambo lenyewe limetokea asubuhi ile.

Spoki alikuwa amewachekesha watu wa nchi nzima miaka yote hiyo, na katika chumba kimoja mbali, kila jioni, watoto asiowajua walikuwa wakimwonea huruma. Alitafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, akafutia uso kwenye shuka safi la dada yake, na dada hakumgombeza.

Kijana wa gari alipiga honi nje. "Mwambie azime gari," dada alimwambia mwanawe, naye akatoka, na gari likazimwa.

Spoki alilitoa zeze kwenye blanketi lake. Alikaza uzi mmoja, akalegeza mwingine, akasogea akakaa naye juu ya vyuma vya kitanda, bega kwa bega.

"Anza wewe, dada," alisema. "Mimi nitafuata."